Linux Mint kwenye laptop ya i5 inajikokota, CPU haipoi hata nisipofungua kitu. Ni RAM, draiva au mashine yenyewe?

#1 Ngalawa_88
Wakuu habari za jioni.

Laptop ni ya mtumba: Core i5-5300U, RAM 4GB kijiti kimoja, diski ya kuzunguka 500GB. Windows 10 ilipofungiwa huduma na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025 ikaondolewa, sasa ina Linux Mint 22 Cinnamon, imewekwa upya kabisa. Dalili ni hizi: kishale cha mausi kinaruka, dirisha likiburuzwa linakuja nyuma kwa hatua, herufi zinatokea sekunde mbili baada ya kubonyeza. Feni inaunguruma muda wote. Firefox ikiwa na kurasa tatu tu, top (amri ya kuonyesha nani anatumia CPU na RAM) inasema hivi:

```
load average: 6.91, 6.40, 5.88
%Cpu(s): 31.2 us, 38.5 sy, 0.0 ni, 3.1 id, 26.4 wa, 0.0 hi, 0.8 si
MiB Mem : 3812 total, 121 free
MiB Swap: 2048 total, 37 free

%CPU  COMMAND
88.0  cinnamon
71.3  kswapd0
63.1  kworker/0:1+kacpid
41.0  Isolated Web Co
```

Nimeshaapdeti kila kitu na kuwasha upya mara kadhaa. Nianzie wapi?

#2 Siafu
Hapo hakuna fumbo mkuu. Tazama mstari wa swapu, ile sehemu ya diski inayopokea vya RAM ikijaa: kati ya 2048 zimebaki 37. kswapd0 ndiye mfagizi wa kerneli. RAM ikikaribia kujaa anaamka kutafuta vya kutupa na vya kupeleka diskini. Akikuta kila kitu kinatumika anabaki anazunguka mikono mitupu, ndiyo hiyo 71%. Na diski ya kuzunguka ikiombwa vipande vilivyotawanyika haivuki kama mia moja kwa sekunde, kwa hiyo kila ukurasa wa Firefox unaorudi kutoka swapu unakusimamisha.

Fanya 8GB. Ila dukani sema DDR3L, ya volti 1.35, na usome kwenye lebo iwe PC3L. Ile PC3 ya volti 1.5 inaingia kwenye tundu vizuri kabisa, lakini prosesa hizi za kizazi cha 5 haziitaki: unawasha, kioo cheusi, unaambiwa bodi imekufa kumbe ni kijiti.

#3 Mwashi254
Sasa boss. Load average ya 6.91 maana yake CPU inafanya kazi ya 691%, na wewe una viini viwili tu. Punguza swappiness, yaani kiasi kerneli inavyokimbilia swapu, ipumue:

```
sudo sysctl vm.swappiness=10
```

Ikikaa poa iandike kwenye /etc/sysctl.conf. Pia safisha kashe: `echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches`. Weka hata kwenye cron (ratiba ya amri za kujirudia) kila dakika kumi.

#4 Kitasa
Mwashi254, mambo matatu hapo naomba tuyarekebishe, maana mtu atayanakili.

Kwanza, load average ya Linux si asilimia ya CPU. Inahesabu kazi zinazoendeshwa au zinazongoja prosesa, pamoja na zile zilizosinzia zikingoja diski, hali ya D. Ndiyo maana unaweza kuona load ya 7 na prosesa imekaa bure. Uwatambue waliokwama diskini:

```
ps -eo state,pid,comm | grep ^D
```

Pili, swappiness 10 kwenye mashine iliyoshajaa inaweza kuzidisha balaa. Ukiikataza kerneli kupeleka data ya programu kwenye swapu, itatupa kashe ya mafaili badala yake, na ndani ya kashe hiyo mna kodi ya programu zenyewe. Firefox ikitaka kipande chake cha kodi inakisoma upya kutoka diskini, kinatupwa, kinasomwa tena. Swapu inaonekana tulivu huku diski inalia.

Tatu, drop_caches inatupa kile ambacho kerneli ingekitoa yenyewe RAM ikihitajika. Ukiiweka kwenye cron, kila dakika kumi mashine inaanza kusoma upya.

#5 BintiMikindani
Siafu, RAM sawa, lakini cinnamon yenyewe 88%? Mfagizi haelezi hilo. Cinnamon ikila hivyo bila dirisha kusogea, swali langu la kwanza ni nani anachora picha, GPU au prosesa. Mkuu leta hizi:

```
inxi -Gxx
cat /proc/cmdline
```

Kwenye jibu la kwanza tafuta neno `renderer`. Ukikuta `llvmpipe`, draiva ya picha haikupanda na kila kivuli cha dirisha kinapigwa hesabu na CPU. Kwenye la pili tafuta `nomodeset`. Wengi wanaiweka siku ya kusakinisha ili kioo kisiwe cheusi, halafu inabaki humo. Kama ipo, itoe kwenye /etc/default/grub, piga `sudo update-grub`, washa upya.

#6 FundiSolda
Kabla hamjafika kwenye draiva: prosesa inakwenda kasi gani? Hakuna hata mmoja aliyeuliza. i5-5300U msingi wake ni 2.3 GHz na inapanda mpaka 2.9. Acha hii iendeshe kwenye terminali huku unafungua vitu:

```
watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"
```

Na joto, `sensors` kutoka kifurushi cha lm-sensors. Nipe namba ya Package id 0.

#7 Paa_la_Makuti
Mnairuka `kworker/0:1+kacpid`, na hiyo ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko zote. kworker ni kibarua wa kerneli, jina la baada ya alama linaeleza kazi aliyopewa. Alama ikiwa + anaifanya sasa hivi, ikiwa - ni kazi aliyoimaliza mwisho. Huyu yuko kwenye ACPI (njia ya bodi na kerneli kuzungumza kuhusu umeme na vifaa) kwa 63%, yaani kuna kitu kwenye bodi kinaipigia kerneli kengele bila kunyamaza: kifuniko, chaji, betri, kitambuzi cha joto. Hesabu kengele:

```
grep enabled /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe*
```

Mashine yenye afya inaonyesha makumi, mamia, au maelfu machache kwa kutwa nzima. Ukiona laki au milioni kwenye mstari mmoja, mgonjwa umemshika.

#8 Mvule
Na mimi niongeze moja ya usalama. kswapd0 ni jina ambalo wachimba sarafu wanapenda kulivaa, maana mtu akiliona anadhani ni kerneli. Kumtofautisha ni rahisi:

```
ps -o pid,ppid,user,comm -C kswapd0
sudo ls -l /proc/PID/exe
```

PID badilisha na namba uliyopata. Kazi halisi ya kerneli mzazi wake ni namba 2, mmiliki root, na hiyo exe haielekezi faili lolote. Ikielekeza kwenye /tmp, /var/tmp au folda iliyofichwa ndani ya home, chomoa intaneti kwanza ndipo uendelee.

Pia 26.4 wa (muda wa kungoja diski) si ndogo. Leta `sudo smartctl -a /dev/sda`, hiyo ni ripoti ya afya ya diski, mistari ya 5 (sekta zilizohamishwa), 197 (sekta zinazosubiri uamuzi) na 199 (makosa ya kebo).

#9 Ngalawa_88
Nashukuru sana wakuu. Majibu:

renderer: Mesa Intel HD Graphics 5500 (BDW GT2). Hakuna llvmpipe, na nomodeset haipo.

kswapd0: mzazi 2, root, exe haielekezi popote.

MHz: nyuzi zote nne 498, haziendi juu hata Firefox ikifunguka. Package id 0: 52°C.

gpe17: 2415673. Mashine iliwashwa dakika 40 zilizopita. Mistari mingine yote chini ya 300.

smartctl: 5 = 0, 197 = 8, 199 = 0.

#10 FundiSolda
498! Hapo ndipo penyewe. Nyuzi nne zote kwenye namba moja, 52°C wakati prosesa hii inavumilia mpaka 105, na mzigo upo. Joto silo linaloibana. Joto likibana, kasi inayumba: inapanda, inashuka, inapanda tena. Ikiganda sakafuni namna hii, kuna waya kutoka kwenye bodi unaoiamuru prosesa ipunguze, ule wa PROCHOT. Na kwenye laptop za mtumba anayeuvuta waya huo mara nyingi ni chaja.

Chomoa chaja utazame kichwa chake. Laptop nyingi za kiofisi zina pini nyembamba kama sindano katikati ya kile kichwa cha duara. Umeme haupiti hapo. Ni pini ya utambulisho: bodi inaisoma ijue chaja ni ya wati ngapi. Pini ikipinda, ikikatika, au chaja ikiwa ya kuunga isiyojitambulisha, bodi inakosa uhakika kama itapata wati za kutosha, inajilinda kwa kuibana prosesa. Umeme unaingia na taa ya chaji inawaka, kwa hiyo hakuna anayeishuku.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Betri ikiwa na zaidi ya nusu, chomoa chaja huku watch inaendesha. Mpe dakika moja. MHz zikipanda, umepata jibu kabla ya kununua chochote.

#11 Kitasa
Na 498 inajibu swali la BintiMikindani. Ile %CPU kwenye top ni asilimia ya muda, haipimi nguvu. Cinnamon 88% kwenye 498 MHz ni kazi ambayo kwenye 2.9 GHz ingechukua kama 15%. Kibarua yule yule, amefungwa mguu. Kwa hiyo namba zote za #1 zisomeni mkijua zimekuzwa karibu mara sita, kswapd0 naye yumo.

#12 BintiMikindani
Nakubali kwa upande wa cinnamon. renderer iko sahihi, naondoa hoja ya draiva.

#13 Siafu
Mimi siondoi yangu. Kasi ya prosesa haijazi swapu. 2011 kati ya 2048 zimeshaliwa, hiyo haina uhusiano na chaja. Mkiipandisha mpaka 2.9 GHz atajaza RAM ile ile kwa haraka zaidi.

#14 Mwashi254
Wazee, na governor, ile sera ya kerneli ya kupanga kasi ya prosesa, je? Mint yangu inaonyesha `powersave`. Si ndiyo imemfunga hapo 498?

```
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor
```

Badilisha iwe performance kwa cpupower.

#15 Kitasa
Jina hilo linapoteza wengi. Angalia kwanza `scaling_driver` kwenye folda hiyo hiyo. Ikiwa ni `intel_pstate`, powersave yake si ile ya zamani ya kukaa chini daima. Inapandisha na kushusha kulingana na mzigo, na ndiyo ya kawaida kwenye Intel hizi. Chenye maana zaidi ni `scaling_max_freq`. Ikisoma 2900000 huku kasi imeganda 498, aliyebana yuko nje ya Linux, na performance haitamshinda.

#16 Mwashi254
Poa, nimeshika hiyo. Basi waya wenyewe si unaweza kuzimwa? Kuna rejista 0x1FC, biti ya 0 ndiyo inairuhusu bodi kuvuta PROCHOT. Unaweka msr-tools:

```
sudo modprobe msr
sudo rdmsr 0x1FC
```

Ukipata mfano 4005d unaandika `sudo wrmsr -a 0x1FC 0x4005c`. Prosesa inaruka juu papo hapo.

#17 FundiSolda
Inafanya kazi, ndiyo, na Secure Boot ikiwa imewashwa kerneli inakataa kuandika, usishangae. Lakini tafadhali itumieni kama kipimo tu. Waya huo huo ndio bodi inautumia ikiona saketi za umeme zimepata moto au chaja imezidiwa. Ukiuzima halafu ukaacha mashine inakokotoa usiku kwa chaja ya wati 45 mahali pa 65, kitakachoungua ni saketi ya chaji. Kuitengeneza ni kazi ya darubini.

#18 Paa_la_Makuti
Tusiiache gpe17. Milioni 2.4 kwa dakika 40 ni zaidi ya kengele elfu moja kila sekunde. FundiSolda, hebu pima wazo hili: kama pini ya chaja inagusa na kuachia, bodi itakuwa inatangaza "chaja imeingia, imetoka, imeingia" mfululizo, na hiyo ndiyo kacpid. Ugonjwa mmoja, dalili mbili. Mkuu, weka kifurushi cha acpid kisha:

```
acpi_listen
```

Mistari ya `ac_adapter` ikimiminika bila kuigusa chaja, wazo limesimama. Ikibaki kimya, kengele inatoka kwingine.

#19 Mvule
197 = 8 mmeipita kimya. Hizo ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na haijaamua izifanyeje. Programu ikigusa hapo, diski inajaribu tena na tena, sekunde kadhaa kila mara, na meza yote inaganda. 26.4 wa inaweza kutoka hapo. Hamisha mafaili kwanza, leo hii, ndipo mengine.

#20 Kitasa
Kuhamisha mafaili naunga mkono kwa asilimia zote. Ila tuisome namba vizuri: diski hizi ndani zina sekta za baiti 4096 na zinahesabu kwa 512, kwa hiyo 8 ni sekta moja halisi. Inaweza kuwa umeme ulikatika katikati ya kuandika. Pima yote:

```
sudo smartctl -t long /dev/sda
```

Ya 500GB inachukua saa moja na nusu mpaka mbili, kompyuta ikiendelea kutumika. Pia `sudo dmesg -T | grep -i "I/O error"`. Ikiwa hakuna hata mstari, huenda sekta hiyo si chanzo cha mkwamo wa leo. Sekta hiyo ikiandikwa upya 197 itarudi 0, na kama imeharibika kweli utaiona imehamia kwenye mstari wa 5.

Na wa si kazi ya CPU. Ni muda ambao prosesa haina la kufanya huku kuna aliyeomba diski.

#21 Bahasha_ya_Kaki
Samahani kwa kuingilia. Mashine ya 4GB mtu anaweka meza (desktop) ya Cinnamon ya nini? Xfce, meza nyepesi, ingemaliza uzi huu kwenye #2.

#22 Siafu
Xfce itampa nafuu ya mega mia kadhaa wakati wa kuwaka, Firefox inazila kwa kurasa mbili. Afungue `about:processes` ndani ya Firefox aone mwenyewe kila ukurasa unakula ngapi.

#23 BintiMikindani
Na Xfce kwenye 498 MHz nayo itajikokota. Bahasha, karibu, ila tusifungue vita vya meza hapa, mwenzetu hajapona.

#24 Ngalawa_88
Wakuu, nimejaribu.

Chaja nje, betri 71%: baada ya kama sekunde 20 MHz zilipanda mpaka 2690, zikawa zinapanda na kushuka kawaida. cinnamon ikashuka mpaka 14%. Kishale kimetulia. Nikirudisha chaja, ndani ya sekunde tano 498 zote nne. Nimerudia mara tatu, haibadiliki. Pini ya katikati kwa macho imenyooka.

Lakini:
kswapd0 bado inafika 40–50% kurasa zikizidi tano.
gpe17 bila chaja imepungua tu, haijakoma. Kama 300 kwa sekunde.
acpi_listen kimya kabisa, chaja ikiwa ndani na ikiwa nje. Inaandika mstari mmoja tu ninapochomeka au kuchomoa.
YouTube ya 1080p inakwama hata kwenye 2690.
dmesg haina I/O error. Kipimo kirefu cha diski kinaendelea.

#25 FundiSolda
Kasi imejieleza. Sasa tenganisha chaja na tundu. Azima chaja ya wati 65 inayojulikana ni nzima, ya aina hiyo hiyo ya kichwa. MHz zikibaki juu, tupa chaja yako. Zikianguka 498 tena, tatizo ni tundu au waya wake. Kwenye nyingi za aina hii tundu ni kipande cha peke yake chenye waya mfupi unaochomekwa kwenye bodi, hakijalehemewa. Fungua mfuniko wa chini, kwanza ondoa plagi ya betri, kisha weka mita kwenye mlio, ncha moja ndani ya tundu pale pini ya katikati inapogusa, nyingine kwenye waya mwembamba wa plagi. Tikisa waya. Mlio ukikatika, badilisha tundu zima. Usiuguse kwa solda, plastiki ya ndani inayeyuka na pini inahama.

Na ukiwa umeshafungua, safisha feni. Zuia mapanga kwa kidole unapopuliza, yakizungushwa kwa upepo mkali bearing inakufa.

#26 BintiMikindani
YouTube ni suala jingine, usilichanganye. Kivinjari kinaletewa video zilizobanwa kwa VP9 au AV1, na GPU ya kizazi cha 5 haina mashine kamili ya kufungua hizo, inafungua H.264. Kwa hiyo prosesa inafanya yote. Weka kiongezi cha h264ify kwenye Firefox, au kwa AV1 peke yake ingia about:config uweke `media.av1.enabled` iwe false. Kisha:

```
sudo apt install vainfo
vainfo
```

Ukiona mistari ya H264 yenye neno VLD, GPU iko tayari. Usitegemee zaidi ya 1080p, H.264 ya YouTube inaishia hapo.

#27 Siafu
Kama nilivyosema, RAM iko pale pale. Mpaka kijiti kipatikane weka zram, ni swapu iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe, diski haiguswi:

```
sudo apt install zram-tools
```

Kwenye /etc/default/zramswap andika ALGO=zstd, PERCENT=50, PRIORITY=100, kisha `sudo systemctl restart zramswap`. Hakikisha kwa `swapon --show`, zram iwe na kipaumbele kikubwa kuliko swapu ya diski. Ile ya diski usiifute, ibaki ya akiba. Na hapa swappiness unaipandisha, 100 au 150.

#28 Kitasa
Zram nzuri, ila baada ya chaja. Kubana na kubanua kunafanywa na prosesa. Kwenye 498 MHz utabadilisha kungoja diski kuwa kungoja CPU.

#29 Mwashi254
Na `mitigations=off` kwenye grub? Broadwell, yaani hiki kizazi cha 5, imo kwenye orodha ya Meltdown, ule udhaifu wa usalama wa prosesa, kinga zake zinakula kasi.

#30 Kitasa
Zinakula, hasa kwenye kazi zenye safari nyingi za kuingia na kutoka kwenye kerneli. Lakini mashine hii inatumika kufungua tovuti za watu, na kinga hizo ndizo zinazozuia kodi ya ukurasa mmoja isichungulie kumbukumbu isiyo yake. Kwa seva iliyofungiwa ndani ningejadili. Kwa kivinjari, hapana.

#31 Paa_la_Makuti
acpi_listen kimya imeliangusha wazo langu la kugusa na kuachia, angalau kwa sura ile. Lakini 300 kwa sekunde bila chaja bado ni nyingi mno. Unaweza kuinyamazisha kwa muda:

```
echo disable | sudo tee /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe17
```

SUBIRI kwanza. Kabla ya hapo piga `sudo dmesg | grep -i 'gpe='`. Ikiandika 0x17, hiyo ndiyo njia ya kidhibiti cha bodi, kile kinachoshughulikia betri, vitufe vya mwanga na kifuniko. Ukiizima, asilimia ya betri itaganda na mashine itazimika ghafla ikiwa inasema 60%. Ikiwa ni namba nyingine, izime, na ukitaka iwe ya kudumu ongeza `acpi_mask_gpe=0x17` kwenye grub.

#32 Ngalawa_88
Imeandika GPE=0x17. Sijaizima.

Chaja ya kuazima, wati 65: MHz hazishuki tena. gpe17 iko pale pale, 300 kwa sekunde, kacpid 9%. Kipimo kirefu cha diski kimemaliza bila kosa, 197 bado 8. DDR3L 4GB nimeagiza.

#33 FundiSolda
Basi tundu ni zima, chaja ndiyo. Kwa kidhibiti: zima, chomoa chaja na plagi ya betri, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, rudisha. Kinajianza upya. Mara nyingi kengele zinakoma hapo.

#34 Paa_la_Makuti
Mimi ningeanza na toleo la BIOS. `sudo dmidecode -s bios-version`, kisha linganisha na la mwisho kwenye tovuti ya mtengenezaji. Programu ya kidhibiti inakuja humo humo, na `fwupdmgr get-updates` inaweza kukuletea bila Windows. Sekunde 30 zinaweza kumnyamazisha leo, akirudi baada ya mashine kulala utarudi hapa.

#35 Mvule
Diski kusema "bila kosa" na 197 kubaki 8 havipatani vizuri. Ningehamia SSD kabla ya hiyo RAM.

#36 Siafu
RAM kwanza. SSD nayo ikigeuzwa swapu ya kudumu inachakaa bure.

#37 Ngalawa_88
Nimefanya ya sekunde 30. Tangu iwake, dakika 15, gpe17 iko 212. Naifunga kifuniko ilale usiku, kesho nikiifungua naleta namba.